Nyundo Haipimwi kwa Kilo

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifundisha habari ninayotaka kuwaeleza.

Nilikuwa bado kijana wa seminari. Nilikuja nyumbani kwa likizo, na baba yangu alikuwa ametutoka miezi saba kabla. Alikuwa fundi wa chuma. Chini ya kibanda chake palibaki fuawe moja, koleo mbili, tupa kama kumi zilizofungwa katika kitambaa chenye mafuta, na jiliwa kubwa la mguu, lile ambalo mafundi wa kwetu wanaliita eto kwa neno la Kifaransa. Siku moja alipita mnunuzi wa vyuma vikuukuu na baiskeli yake na mizani ya kutundika. Nilikosa nauli ya kurudi seminari. Nikauza vyote. Alivipima pamoja na sufuria iliyotoboka na gurudumu la baiskeli lililovunjika, kilo kwa kilo, bila kuuliza kipi ni kipi. Mama alipotoka shambani hakunigombeza. Aliuliza tu: «Na zile tupa pia?»

Leo mimi ni mwalimu wa dini, nina watoto, na nyuma ya nyumba yangu nina karakana ndogo. Natengeneza majembe, bawaba za milango, baiskeli na viti vya kanisa. Kila chombo nilichouza siku ile ilinibidi nikitafute tena, kimoja kimoja, sokoni na kwa wazee, kwa kununua na kwa kubadilishana. Katika kutafuta huko nilijifunza kwamba vyombo hivi vina historia ndefu, na kwamba mtu anayevipima kwa kilo hajui anachokishika. Basi, sikieni.

Nyundo ya wafalme

Tuanze kwetu. Katika bonde la Upemba, kando ya ziwa Kisale, wataalamu wa mambo ya kale walichimba makaburi ya wazee wetu. Jean Hiernaux na Jacques Nenquin walichimba mahali panapoitwa Sanga mwaka 1957 na 1958, na baadaye Pierre de Maret aliendelea na kazi hiyo katika miaka ya 1970. Waliona vyungu vizuri, shoka, mikuki, na mapambo ya shaba nyekundu. Mahali pengine katika bonde hilo, panapoitwa Kamilamba, de Maret aliona kaburi la mtu aliyezikwa yapata miaka 1,100 iliyopita. Mtu huyo alizikwa na shoka ya heshima, na karibu na kichwa chake iliwekwa fuawe ya chuma.

Fikirini jambo hilo. Chuma siku zile kilikuwa na thamani kubwa. Kipande kile kingeweza kufuliwa majembe kadhaa. Lakini watu waliomzika walikubali kukipoteza ardhini, kwa sababu kilikuwa alama ya ukubwa wake.

Neno lenyewe linatufundisha. Kwa Kiswahili nyundo ni chombo cha kupigia. Kwa Waluba neno hilohilo nyundo ni fuawe pia, chombo cha kupigiwa. Wala si ajabu. Fuawe ya zamani ilikuwa kipande kinene cha chuma chenye kichwa na ncha. Fundi akiichomeka ncha katika gogo, ni fuawe. Akiichomoa na kuishika mkononi, ni nyundo. Chombo kimoja, kazi mbili. Wanawake wa Kiluba walivaa katika nywele zao pini za chuma zenye umbo la fuawe hiyo ndogo, na katika kumsimika mfalme wa Waluba palikuwa na ibada ya kukumbusha kupigwa kwa fuawe. Tena katika Rwanda, kaburi la mwami Cyirima Rujugira lilipochimbwa, zilionekana nyundo za chuma zilizowekwa kichwani pake. Kutoka Upemba hata Rwanda, wazee walisema neno moja: afuaye chuma hujenga nchi.

Walaji wa shaba

Sasa tuje kusini, katika Katanga. Wazee wa huko walichimba jiwe la kijani, nalo huitwa malakiti, wakaliyeyusha kupata shaba, ambayo wao waliiita mukuba. Kazi ilifanyika wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha. Udongo wa tanuru ulitoka katika kichuguu, makaa yalichomwa kwa miti migumu, na pumzi ya moto ilitoka katika viriba vya ngozi. Shaba iliyoyeyuka ilimiminwa katika kalibu yenye umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilitumika kama fedha karne nyingi. Katika makaburi ya Upemba tunaona kwamba mwanzoni ilikuwa mikubwa na ya namna mbalimbali, na baadaye ikawa midogo na ya kufanana, kama fedha inayohesabiwa. Ndiyo misalaba iliyochorwa juu ya sarafu za Katanga za mwaka 1961.

Katikati ya karne ya 19 walifika Wayeke kutoka Unyamwezi, na mkubwa wao Msiri akaweka mji wake Bunkeya, hata alipouawa tarehe 20 Desemba 1891. Wayeke walisifiwa kwa kazi ya kuvuta waya. Fundi alifua fimbo ya shaba hata ikawa nyembamba, kisha akaipitisha ncha yake katika tundu la bamba la chuma, akaibana kwa koleo, akaivuta. Halafu akaipitisha katika tundu dogo zaidi, na tena katika dogo zaidi, hata akapata waya wa kuzungusha katika bangili. Msisahau kwamba Wayeke walikuja wakiwa wafanyabiashara. Biashara yao haikupeleka pembe na shaba tu. Ilipeleka pia vyombo, na pamoja na vyombo, ujuzi wa mikono. Nitarudi kwenye jambo hilo.

Kazi ya matanuru hayo ilikoma mwanzoni mwa karne ya 20, migodi ilipotwaliwa na wageni. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906. Reli ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka 1911 tanuru kubwa la Lubumbashi lilitoa shaba yake ya kwanza. Mbele ya tanuru hilo nani angeendelea kuvukuta viriba vya ngozi? Lakini padri Mbenediktini Jean-Félix de Hemptinne, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa Katanga, aliwaomba wazee waliokuwa wafua shaba wajenge tanuru tena na kuonyesha kazi yao yote, tangu kuchimba hata kumimina. Mwaka 1926 alitoa maandiko yake juu ya hao «walaji wa shaba». Kama asingewauliza wakati ule, wazee wangekwenda na ujuzi wao kaburini. Mambo mengi tunayoyajua leo juu ya kazi hiyo yametoka katika siku zile chache ambapo mtu aliuliza, na wazee wakakubali kujibu kwa mikono yao.

Mtawa na karakana yake

Pengine msomaji atasema: hayo ni mambo ya kwetu, Ulaya walikuwa na mashini tangu zamani. Sivyo. Yapata mwaka 1120 mtawa mmoja aliyejiita Theophilus aliandika kitabu kwa Kilatini juu ya kazi za mikono. Katika sehemu ya tatu, kabla ya kufundisha kutengeneza kalisi au chetezo, anaeleza kwanza namna ya kujenga karakana: dirisha liwe wapi, fundi akae wapi. Kisha anataja vyombo kimoja kimoja: tanuru, viriba vya ngozi ya kondoo dume, fuawe, nyundo, koleo, na vyuma vyenye matundu ya kuvutia waya. Mfua shaba wa Bunkeya angeingia katika karakana hiyo ya mtawa na kuanza kazi siku ileile. Angevitambua vyombo vyote.

Theophilus anafundisha pia kutengeneza tupa. Meno yanachongwa, kisha tupa inapakwa unga wa pembe ya ng'ombe iliyochomwa pamoja na chumvi, inawekwa motoni hata iwe nyekundu, na mara inatumbukizwa majini ili iwe ngumu. Unga wa pembe haukuwa uchawi. Ngozi ya nje ya chuma hupata nguvu ya kaboni kutoka katika vitu vya namna hiyo, na meno hayakatiki upesi. Na kwa karne nyingi baada yake kila jino la tupa lilichongwa kwa mkono, kwa patasi na nyundo. Katika mji wa Sheffield, Uingereza, wachongaji waliilaza tupa juu ya kipande cha risasi ili upande uliokwisha kuchongwa usiharibike, na vumbi la risasi likawadhuru wengi. Hata mashini zilipoweza kazi hiyo vema, katika karne ya 19, walikuwako waliochonga bado kwa mkono. Basi ukiokota tupa ya zamani, usiione kama kipande cha chuma tu. Pengine mtu aliitolea afya yake.

Jiliwa la kubana kwa skrubu lilianza kutumika Ulaya yapata karne ya 16. Mashini ya kukereza nayo ina deni kwa mtawa: Charles Plumier, wa shirika la Waminimi, alitoa mwaka 1701 kitabu kikubwa juu ya ufundi wa kukereza, chenye picha nyingi. Yapata mwaka 1800 Mwingereza Henry Maudslay alitengeneza mashini ya kukereza iliyochonga hesi za skrubu kwa usawa wa kuaminika. Mwanafunzi wa karakana yake, Joseph Whitworth, alitoa mwaka 1841 shauri kwamba mafundi wote wachonge hesi za namna moja, zenye pembe ya digrii 55. Kabla ya hapo kila karakana ilikuwa na hesi yake, na nati ya fundi huyu haikuingia katika skrubu ya fundi yule. Mwaka 1898 wajumbe wa nchi mbalimbali walikutana Zürich na kukubaliana hesi ya milimita, ya digrii 60.

Jambo hili linamhusu sana anunuaye vyombo vikuukuu. Vyombo vilivyofika Katanga vilitoka pande nyingi, vingine vya inchi, vingine vya milimita. Skrubu ya Whitworth ya nusu inchi ina hesi 12 katika inchi moja. Ile ya milimita 12 ina zaidi kidogo ya 14. Kwa macho zinafanana. Ukiilazimisha moja katika nyumba ya nyingine, itaingia kidogo, kisha itakwama na kuharibu zote mbili. Nimeona fundi akimtukana aliyemwuzia chombo kwamba ni kibovu, kumbe chombo ni kizima, ila ni cha kabila jingine.

Vyombo vya Ulaya vilikuja kwetu kwa njia ya reli na migodi, lakini pia kwa njia ya misioni. Wasalesiani wa Don Bosco walifika Elisabethville mwaka 1911, wakafungua shule ya kazi za mikono. Vijana waliofundishwa katika shule na katika karakana za kampuni walijinunulia vyombo vyao kidogo kidogo. Walipostaafu walivipeleka nyumbani. Ndivyo lilivyopatikana jiliwa la baba yangu.

Waliookota vyombo

Je, sisi ni wa kwanza kuona vyombo vya wazee vikitupwa? Hapana. Katika Ufaransa fundi mkubwa Jacques de Vaucanson, alipokufa mwaka 1782, alimwachia mfalme mashini na vyombo vyote alivyokuwa amevikusanya. Muda kidogo ukaja msukosuko wa mapinduzi, na vitu vingi viliharibiwa. Mwaka 1794 padri Henri Grégoire, ambaye katika mambo mengine hakupatana na Roma, alishauri katika baraza la taifa kwamba vyombo na mashini viwekwe pamoja na kuelezwa kwa watu, ili mafundi wajifunze. Ndiyo asili ya nyumba ya sanaa na ufundi ya Paris. Iliwekwa katika monasteri ya zamani ya Saint-Martin-des-Champs, na mashini zinasimama hata ndani ya kanisa lake.

Mwingine ni padri Myesuiti, Paul Feller, aliyekufa mwaka 1979. Baada ya vita ya pili ya dunia aliona kwamba kazi za mikono zinakufa na vyombo vyake vinatupwa. Akaanza kuvikusanya, nyundo, patasi, koleo, randa, hata vikawa maelfu. Mwaka 1974 nyumba ya vyombo ilifunguliwa katika mji wa Troyes, nayo inaonyesha zaidi ya vyombo 10,000. Kazi ya nyumba hiyo waliikabidhi kwa chama cha mafundi wenyewe. Hilo ndilo ninalolisifu zaidi: vyombo vilirudi kwa wenye mikono.

Kuchagua na kubadilishana

Ndugu msomaji, labda nawe unataka karakana ndogo nyumbani, na fedha ni kidogo. Chombo cha zamani kinaweza kuwa bora kuliko kipya cha bei rahisi, ukijua kukichagua. Fuawe ijaribu kwa kuangusha juu yake nyundo ndogo. Ikiirudisha nyundo juu kwa nguvu, uso wake ni wa chuma kigumu; ikiimeza, ni laini au imepasuka. Jiliwa usilitazame meno tu, maana meno hubadilishwa. Fungua skrubu yake yote, utazame hesi zake na za nyumba yake. Hizo zikiisha, kazi ya kulitengeneza ni kubwa. Tupa iliyokwisha meno usiitupe. Ni chuma kigumu chenye kaboni nyingi. Ipashe moto, iache ipoe polepole ndani ya majivu, nawe utaifua patasi au kisu, kisha utaitia ugumu tena. Kutu ya juu isikuogopeshe. Ufa ndio uogope.

Wazee wanasema: mchagua jembe si mkulima. Ni kweli, mvivu hulaumu vyombo daima. Lakini asiye na jembe kabisa hana cha kuchagua, na kijana aliyefundishwa kazi bila kuwa na nyundo yake atakaa barazani. Kila fuawe inayokwenda kuyeyushwa ni kijana mmoja aliyenyimwa kazi, na bei yake haijazi hata kikapu cha unga.

Kwa hiyo nimejiwekea kanuni tatu. Ya kwanza, chombo kwa chombo: nikiwa na tupa tatu za namna moja, nabadilishana na fundi mwenye koleo za ziada, na fedha ije mwisho. Ya pili, chombo na habari zake: nauliza kilikuwa cha nani na kilifanya kazi gani, na ninapokitoa naeleza vilevile. Ya tatu, nisikae na chombo nisichokitumia huku mwingine anakihitaji. Sisemi biashara ni mbaya. Wayeke walieneza ufundi wao kwa biashara. Biashara mbaya ni ile ninayoijua mimi, ya mizani na gunia, ambapo ujuzi unapotea njiani.

Nimalize na habari ya jiliwa. Mwaka juzi nilikwenda kumtafuta mzee mmoja fundi, mbali na parokia yetu, niliyesikia kwamba ana vyombo vya kubadilishana. Nilipoingia kibandani pake nikaliona. Baba alikuwa amechonga msalaba mdogo juu ya taya lake, kwa patasi, na mkono mmoja wa msalaba ulikuwa mfupi kwa sababu patasi iliteleza. Nilikuwapo siku ile, mtoto wa miaka sita. Mzee aliniambia kwamba alilikuta kwa wanunuzi wa vyuma, akalikomboa kabla halijapakiwa katika lori.

Nikamwambia: «Baba, jiliwa hili lilikuwa la mzee wangu. Mimi ndiye niliyeliuza. Taja utakacho.»

Alinyamaza kidogo. Vijana wanne walikuwa wakifanya kazi nyuma yake, na mmoja alikuwa amebana bawaba katika jiliwa lile, akipiga tupa. Kisha akasema: «Mwalimu, nakuonea huruma. Lakini tazama, hawa wanakula kwa chuma hiki. Kwako lingefanya kazi Jumamosi tu.»

Nilikasirika moyoni, sitaficha. Njiani, nikisukuma baiskeli, niliikumbuka fuawe ya Kamilamba, iliyolala kichwani pa mwenye nayo miaka elfu na zaidi bila kufua jembe hata moja. Ile ilikuwa heshima ya kumzika mkubwa. Baba yangu hakuwa mkubwa. Alikuwa fundi, na heshima ya fundi ni kazi iendelee. Wiki iliyofuata nilirudi kwa mzee na tupa nne nzuri, nikampa yule kijana wa bawaba. Mzee naye akanipa koleo moja na jiliwa dogo la mezani, lenye taya lililolika.

Sasa nakwenda huko kila mwezi, na mzee ananifundisha kutia chuma ugumu, jambo ambalo baba hakuwahi kunimalizia. Mama nilimpeleka mara moja. Alipitisha kidole juu ya msalaba ule wenye mkono mfupi, akawatazama vijana, akauliza kama wamekula.